Makofi ya Nuru ya Chumbageni

Asubuhi ya Jumanne Mwanamkuu binti Sefu alikuwa akitandika kitanda katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, Doha. Alikwisha kuvuta shuka ya chini na kukunja pembe zake kama walivyofundishwa. Akaitupa ya juu hewani ili ishuke yenyewe bila kuacha mkunjo. Shuka ilipotua, watu wakapiga makofi.

Chumbani hapakuwa na mtu. Mwanamkuu alidhani ni kiyoyozi, akakizima. Makofi yakaendelea. Yalikuwa ya ukumbi mkubwa: yalianza mbele, yakaenea hadi nyuma, na katikati yake mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Kisha yakapungua taratibu, kama yanavyopungua makofi ya watu waliokalia viti vizuri, akabaki mmoja anakohoa. Mwanamkuu akawasha tena kiyoyozi, akabadilisha taulo, akafuta kioo, akasukuma toroli lake hadi chumba cha pili. Alipomaliza kitanda cha huko, yakapigwa tena.

Mpaka adhuhuri alikuwa ameyazoea kiasi cha kuweza kufanya kazi.

Jioni alipanda basi la wafanyakazi kurudi Al Rayyan, ambako hoteli iliwapangishia nyumba. Aliposhuka, makofi yakapigwa ndani ya basi. Vijana wa jikoni wakampisha njia, na mmoja wao, Mnepali, akamuuliza kama leo ni siku yake ya kuzaliwa. Akamjibu hapana, akapanda ngazi.

Chumbani alikuwa anakaa na Chelsea, msichana wa Nakuru aliyefanya kazi mapokezi katika hoteli hiyohiyo. Chelsea alikuwa amelala kifudifudi na simu yake. Mwanamkuu alikaa kitandani, akavua viatu, na alipokwisha kuvua cha pili yakaanza.

“Mathe,” Chelsea akasema bila kuinua uso, “hizo makofi ni zako?”

“Yananifuata tangu asubuhi.”

“Zitaisha saa ngapi? Niko na shifti ya mapema.”

“Sijui, mwanangu.”

Chelsea akachomeka visikilizio masikioni, akageukia ukutani.

Mwanamkuu alikuwa mwimbaji. Kwao Tanga, mtaa wa Chumbageni, aliimbia kikundi cha taarabu kilichoitwa Nuru ya Chumbageni tangu akiwa msichana hadi akapata wajukuu. Kiongozi alikuwa Hassani, mpiga udi, mtu mwembamba aliyekuwa hapendi kusifiwa wala kukosolewa. Kassim alipiga fidla. Idrisa, mkubwa wao kwa umri, alipiga kanuni, chombo cha nyuzi nyingi. Wengine waliingia na kutoka, lakini hao wanne ndio waliobaki, na ndio waliorekodi “Busati”.

“Busati” waliirekodi katika ghala la mkonge lililokuwa tupu. Kuta walizifunika magodoro waliyoazima kwa majirani, na kila jioni wakayarudisha ili watu walale. Ilikuwa masika. Mvua ikipiga mabati, walisimama na kunywa chai. Ikikatika, waliendelea pale walipoishia. Ndiyo maana ukiisikiliza rekodi hiyo kwa makini, nyuma ya fidla kuna maji yanayodondoka. Ubeti wa kwanza ulitungwa na Hassani:

Nimetandika busati, mgeni habishi hodi,
Nimetulia kwa dhati, moyo hauna juhudi.

Siku zile nyumbani kulikuwa na Tuzo ya Taifa ya Rekodi za Muziki wa Kitambo. Ilitolewa mara moja kwa mwaka, kwa rekodi moja, katika ukumbi mkubwa wa Dar es Salaam, na aliyeipata alialikwa harusi za watu asiowajua. “Busati” ikaingia kwenye fainali. Wanne wale wakashona nguo. Mwanamkuu alishona gauni la kijani lenye mikono mirefu, na Idrisa akanunua viatu vilivyombana lakini akasema havitambana akiwa jukwaani.

Wiki ya mwisho kabla ya sherehe, mheshimiwa mmoja aliyesimamia mambo hayo alionekana kwenye televisheni. Alisema kwamba tuzo imefutwa. Wakati umebadilika, alisema, na vijana hawasikilizi tena muziki huo. Taifa linawashukuru wote walioshiriki. Nani angeshinda, hakusema. Ukumbi ulikuwa umekwisha kukodiwa, kwa hiyo usiku ule kampuni moja ya sabuni ikafanyia humo hafla yake.

Kikundi hakikuvunjika siku hiyo. Kilivunjika polepole, kama sukari kwenye chai baridi. Hassani aliugua, akazikwa Tanga kabla ya mfungo uliofuata. Kassim alipata kazi ya udereva Doha. Akamvuta Idrisa, aliyepata ulinzi wa jengo la nyumba za kupanga huko Al Wakrah, na Idrisa akamvuta Mwanamkuu. Waliahidiana kukutana kila wiki. Lakini siku ya mapumziko ya Kassim ilikuwa Jumatano, ya Idrisa Jumatatu, na ya Mwanamkuu Jumapili, na mtu akitoka zamu anataka kulala. Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha na hawajakaa pamoja hata kwa kikombe kimoja cha chai ya karaki.

Siku ya tatu ya makofi Mwanamkuu alimpigia Kassim. Alimsimulia yote: shuka, basi, viatu. Kassim alisikiliza akiwa amesimamisha gari mbele ya duka moja la saa, akimngoja abiria wake.

“Kuna kigelegele?” akauliza.

“Kimoja. Katikati.”

“Na kuna mtu anakohoa mwishoni.”

“Umejuaje?”

“Ni ukumbi ule, dada. Kila ukumbi una mtu wa kukohoa, ila ule una mwangwi wake. Mimi nilipiga mle na bendi nyingine kabla ya kuja kwenu. Yale makofi yalikuwa yamekwisha andaliwa. Tuzo wameifuta. Makofi hakuna aliyeyafuta.”

Mwanamkuu alikuwa amekaa kwenye ngazi za dharura, kapu la taulo chafu mapajani.

“Kwa hiyo tulishinda,” akasema.

“Tulishinda.”

Kassim akasema abiria wake anatoka, na akakata simu.

Jioni alipiga tena, akaeleza la kufanya. Makofi, alisema, ni kama salamu. Ukisalimiwa usipoitikia, aliyekusalimu anabaki mlangoni. Yanataka mtu asimame, aweke mkono kifuani, ainame, aseme asante. Yakishapokewa yatatulia, na yatabaki kuwa ya aliyeyapokea.

“Basi inama wewe, dada,” akasema. “Wewe ndiye yaliyokufikia.”

“Yalinifikia kwa sababu sauti ndiyo wanayoikumbuka watu. Lakini si yangu peke yangu. Nipokee mimi, nyinyi mbaki na nini?”

“Sisi tumechoka. Sisi tutafurahi tu.”

“Hapana, Kassim. Tutasimama wote.”

Kassim akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekaa kwenye usukani tangu alfajiri. “Wote wanne?”

“Wote wanne.”

Hoteli haikuyachukia makofi, ila ilikuwa na wageni wanaolala mchana. Mutai, Mkenya wa Kericho aliyekuwa msimamizi wa usafi wa vyumba, alimwita Mwanamkuu ofisini kwake. Alimpa kiti, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu.

“Mama Mwanamkuu, mimi hizo makofi hazinisumbui. Nyumbani tunapenda makofi. Lakini kuna mgeni amekuwa kwenye ndege usiku kucha, amelala, halafu anapongezwa kupitia ukuta.”

“Si mimi ninayepiga, bosi.”

“Najua. Lakini ni wewe unapigiwa.” Mutai akajipangusa macho. Yeye naye hakuwa amelala vizuri. Kwake kulikuwa na mtoto mchanga. “Mkataba wako unaisha lini?”

“Mwisho wa mwezi ujao.”

“Basi jaribu ziwe zimeisha mwisho wa mwezi ujao. Sitaki kukuandikia ripoti mbaya. Khalas, imetosha, enda ukapumzike dakika mbili.”

Alipoinuka kwenye kiti, yakapigwa. Mutai akangoja yapungue, kisha akamfungulia mlango.

Tangu hapo Mwanamkuu alitafuta njia. Aligundua kwamba makofi yanakuja kazi inapokamilika, basi akawa haikamilishi. Katika kila kitanda aliacha pembe moja bila kuichomeka. Wageni wakitoka kwenda kula, alirudi chumba kimoja kimoja, akachomeka pembe, makofi yakapigwa vyumba vikiwa vitupu. Njia hiyo ilifaa, ila ilimfanya atembee ghorofa nzima mara mbili, na magoti yake hayakuipenda. Makofi hayakuwa na ubaya. Aliposwali yalinyamaza kabisa, hata alipotoa salamu ya mwisho hayakuthubutu. Dukani keshia wa Kibangladeshi alikaa na risiti mkononi mpaka yakaisha, kisha akampa. Ila usingizini yalimwamsha. Kila alipojigeuza na kupata upande mzuri, ukumbi mzima ulimshangilia.

“Mathe, si uiname tu?” Chelsea alimwambia asubuhi moja, macho mekundu. “Inama, sema asante, tulale.”

“Ni ya watu wanne.”

“Hao wengine wako wapi?”

“Mmoja yuko Al Wakrah, mmoja yuko barabarani, na mmoja amekufa.”

Chelsea akafikiri huku akijipaka poda. “Huyo wa kufa ndiye atawachelewesha.”

Kumbe hakuwachelewesha yeye. Hassani alikuwa akimtembelea Idrisa kila baada ya muda, alasiri, pale kwenye kibanda cha mlinzi. Alikuja kuuliza habari za watu: nani ameoa, nani amerudi nyumbani, bei ya nyuzi za udi imefika wapi. Alikuwa vilevile, mwembamba, mashati yake yana mifuko miwili. Idrisa alipomweleza habari ya makofi, Hassani alitikisa kichwa kidogo, akasema angeomba ruhusa.

“Amepata?” Mwanamkuu aliuliza kwenye simu.

“Amepata Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao,” Idrisa akasema. “Kutwa nzima, mpaka magharibi.”

“Hiyo moja tu?”

“Moja tu. Zile za kupita alasiri ni za dakika chache, hazifai kwa jambo kama hili. Huko nako wana utaratibu wao, Mwanamkuu. Nimemwambia aichukue hiyohiyo.”

Walio hai ndio waliopata taabu. Kassim alibadilishana zamu na dereva wa Kiganda, akamlipa kwa kumfanyia zamu zake mbili za usiku. Idrisa alimpata mlinzi mwenzake wa kumshikia lango. Mwanamkuu aliomba Ijumaa hiyo kwa Mutai mapema kabisa, na Mutai akaikubali bila swali, akafurahi hata, kwa kuwa ilikuwa kabla ya mkataba kuisha. Vyombo hawakuwa navyo. Kanuni ilibaki Tanga kwa dada yake Idrisa, na fidla ya Kassim ilikuwa imeachia gundi kwa joto la ndani ya gari. Haikuwa shida. Hawakuhitaji kupiga. Walihitaji tu kusimama kwa mstari, wanne, na kuinama.

Idrisa alifagia uwanja mdogo nyuma ya jengo. Aliazima kiti cha mpangaji mmoja kwa ajili ya Hassani, maana Hassani hakuweza kusimama muda mrefu hata alipokuwa hai. Mwanamkuu alilitoa gauni la kijani kwenye sanduku. Lilikuwa limemkaa kubwa. Chelsea alilipunguza kiunoni kwa sindano ya kushonea vifungo, akisema “haki, ni poa,” na siku hiyo ya kushona wakacheka kidogo, makofi yakapigwa, wakacheka tena.

Alhamisi jioni Mutai alikusanya wafanyakazi wote wa vyumba kwenye korido ya chini.

“Kesho hakuna ofu wala mapumziko kwa mtu yeyote,” akasema. “Kuna mkutano wa utamaduni, nchi nyingi. Wageni wanakuja siku moja mapema. Samahani sana.”

Watu wakaguna, wakatawanyika. Mwanamkuu akabaki.

“Bosi, Ijumaa hii niliiomba tangu mwezi uliopita.”

“Najua, mama.”

“Kuna mtu anatoka mbali. Hawezi kupata siku nyingine.”

“Mimi pia kesho mtoto anabatizwa,” Mutai akasema. “Sitaenda.” Alimtazama kwa muda. “Ukikosa kesho, si mimi nitakata mkataba. Ni wale wa juu. Mimi nitaulizwa tu, niseme ulikuwa wapi.”

Mwanamkuu alikuwa na wajukuu wawili shuleni na nyumba ya matofali iliyofika kwenye linta, bado haina paa. Hakufikiri sana, kwa sababu mambo hayo alikwisha kuyafikiri siku zote alizokaa Doha, na jibu lake lilikuwa ni lilelile. Alimpigia Idrisa.

“Niombee udhuru kwa Hassani.”

“Ameshaondoka,” Idrisa akasema. “Yuko njiani.”

Ijumaa saa za asubuhi wageni wa mkutano waliingia. Wajumbe waliotoka nyumbani walipangwa katika ghorofa yake. Mwanamkuu alimwona mkuu wao akitoka kwenye lifti na wasaidizi wawili, akamtambua kabla hajageuka. Alikuwa mheshimiwa yuleyule wa kwenye televisheni, Mheshimiwa Cornelius, amenenepa kidogo na kupata miwani. Aliacha mizigo chumbani, akashuka kunywa chai, na Mwanamkuu akaingia kutandika, maana mheshimiwa alikuwa amejilaza kidogo na kuharibu kitanda.

Aliiacha pembe moja, kama kawaida yake. Alikuwa anatoka na shuka chafu mikononi aliposikia sauti ya Mutai kwenye redio ya kiunoni ikisema kwamba ukaguzi unapita ghorofa hiyo, vyumba viwe tayari kabisa. Akarudi, akachomeka pembe, akatoka haraka.

Mheshimiwa Cornelius alikuwa amerudi, amesimama koridoni, mbele ya mlango wake, kadi mkononi. Makofi yakapigwa.

Hayakuwahi kuwa makubwa namna hiyo. Huenda ni kwa sababu yalijua leo ndiyo siku iliyopangwa. Yalijaza korido toka lifti hadi dirisha la mwisho, kigelegele kikapanda, watu wakapiga miguu chini. Wasaidizi wawili wa mheshimiwa wakatazamana, kisha nao wakaanza kupiga, maana haikufaa kukaa tu.

Mheshimiwa akaondoa miwani. Akaweka mkono kifuani. Akainama.

“Asanteni,” akasema. “Asanteni sana. Asanteni.”

Macho yake yalikuwa na machozi, na hayakuwa ya kuigiza. Alikuwa mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi ambazo hakuna anayemshukuru mwenzake.

Alimwona Mwanamkuu. “Dada, wewe ni wa nyumbani?”

“Ndiyo, mheshimiwa. Tanga.”

“Watu wa Tanga! Nyinyi hamsahau mtu.”

Shuka zilikuwa nzito. Mwanamkuu alizihamishia mkono wa pili. “Mheshimiwa,” akasema, “hayo makofi ni ya Nuru ya Chumbageni.”

Mheshimiwa akainamisha sikio, kwa kuwa kelele ilikuwa kubwa. “Ya nani?”

“Nuru ya Chumbageni. Kikundi cha taarabu. Tulirekodi ‘Busati’. Tulikuwa fainali mwaka ule mlipofuta tuzo.”

“Aa, muziki wa kitambo!” Mheshimiwa akamshika bega kwa upole. “Dada yangu, huo muziki nimeupigania sana. Sana. Watu hawajui tu.”

Makofi yakazidi. Akainama mara ya pili, chini zaidi, na safari hii hata Mwanamkuu aliona jinsi yalivyogeuka. Yalikuwa yamesimama upande wake muda wote huo, yakitazama mgongo wake; sasa yakampita pembeni, yakamzunguka mheshimiwa, yakakaa. Msaidizi mmoja akakumbusha kwamba gari linangoja. Wakaingia kwenye lifti. Makofi yakaingia nao, milango ikafungika kwa shida, na Mwanamkuu akayasikia yakishuka ghorofa baada ya ghorofa.

Chini, Chelsea aliyaona yakipita mapokezi. Alisema baadaye kwamba mlango wa kuzunguka ulichukua muda mrefu kuyatoa yote, na kwamba mlinzi aliushika kwa heshima mpaka la mwisho likatoka.

Mwanamkuu alipeleka shuka kufuliwa. Akarudi, akamaliza chumba kilichobaki. Shuka ya juu ikashuka, ikatua, kukawa kimya. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo lililokatazwa, akakaa hapo akisikiliza kiyoyozi. Alitaka kulia ila alikuwa amechoka, na kulia nako ni kazi. Alasiri ilipoingia alijua Hassani bado yuko kwenye kiti Al Wakrah. Magharibi ilipoingia alijua kiti ni kitupu.

Usiku huo alilala bila kuamka. Chelsea naye.

Mutai alifurahi. “Umeona, mama? Kila kitu iko na mwisho.” Mkataba ukaongezwa miaka miwili mingine. Mheshimiwa Cornelius alirudi nyumbani, na popote alipofika makofi yalimtangulia: kwenye uwanja wa ndege, kwenye mazishi ya mtu asiyemfahamu, kwenye uzinduzi wa kisima. Waandishi wa habari waliandika kwamba anapendwa. Haukupita muda akapewa nafasi kubwa kuliko aliyokuwa nayo. Chelsea alimwonyesha Mwanamkuu picha zake kwenye simu, watu wameketi mikono mapajani, na makofi yanasikika. Mwanamkuu alitazama mpaka mwisho, akarudisha simu.

Tuzo haikurudishwa. Katika hotuba moja mheshimiwa aliitaja, akasema ilikuwa ya wakati wake.

Ilichukua majuma kadhaa kabla watatu wale hawajaonana, na hata hapo haikuwa siku ya mapumziko ya mtu yeyote isipokuwa Mwanamkuu. Ilikuwa Jumapili alasiri. Kassim alitakiwa kwenda kumngoja abiria Al Wakrah, basi akampitia Mwanamkuu njiani, akasimamisha gari mbele ya jengo la Idrisa. Idrisa alikuwa zamu. Walikaa ndani ya kibanda chake, magoti yanagusana, feni ndogo inazunguka, na kila gari lilipokuja Idrisa aliinuka akafungua lango, akarudi, akakaa.

Walimtazama Mwanamkuu, na Mwanamkuu akawaeleza. Hakuficha kitu. Aliwaeleza korido, miwani, mkono kifuani, na jinsi yalivyogeuka.

“Hukuinama hata kidogo?” Kassim akauliza. “Hata shingo tu, kabla yake?”

“Nilikuwa nimebeba shuka.”

Kassim akatikisa kichwa. Hakukasirika. Alimimina karaki kwenye vikombe vya karatasi, akampa Idrisa kwanza kwa kuwa ni mkubwa.

“Labda hata tungesimama sote yangempata tu,” akasema. “Watu kama wale wana bahati ya kufika mahali.”

Gari likaja, Idrisa akafungua lango, akarudi.

“Hassani alikuja?” Mwanamkuu akauliza. Swali hilo alikuwa amelichelewesha tangu aingie.

“Alikuja. Mapema, kabla ya swala ya Ijumaa. Amevaa ile suti aliyoishonea tuzo.”

“Kumbe aliipata?”

“Tulimzika na sanda, lakini suti ameipata. Imemkaa vizuri.” Idrisa akapuliza chai yake. “Alikaa kwenye kiti. Kassim alikuwapo mpaka walipompigia simu kazini. Tukabaki wawili. Hatukuongea sana, unamjua. Alinyoosha vidole, kama anavyofanya kabla ya kupiga. Jua lilipokuwa linashuka nikamwambia asubiri kidogo, labda utatoroka. Akasema amechelewa, wenzake wanarudi.”

“Hataweza kuja tena?”

“Kwa kupita, hajui. Ile ruhusa kubwa alikwisha kuitumia.”

Mwanamkuu alikunja ukingo wa kikombe chake cha karatasi, akaukunjua. Nje mpangaji mmoja alikuwa anashusha mifuko ya sokoni, na watoto wake wanagombania nani abebe tikiti maji.

“Alisema lolote?”

“Aliuliza kama bado unaimba.”

“Ukamjibu nini?”

Honi ikapigwa langoni. Idrisa akaweka kikombe chini, akainuka, akavaa kofia yake.

“Nilimwambia uko kazini,” akasema, akaenda kufungua.